Tab Mbili, Ganji Moja: Venye Nilichagulia Siz Tableti Luthuli

Siz aliingia chuo Juja na simu moja kioo imepasuka kona zote. Notsi zao zinakujanga kwa PDF. Lecha anatupa faili kwa grupu ya WhatsApp saa tano usiku, na siz anabukua yote kwa hiyo kioo, anavuta ukurasa kushoto, anavuta kulia, mpaka kichwa inaanza kumgonga. Alinichapia hiyo stori mara moja tu, na hakuomba kitu. Hapo ndio ilinishika. Msee akikuomba, unaweza mwambia angoje mwisho wa mwezi. Asipoomba, unabaki na hiyo picha kwa akili siku nzima ukinyoa wasee.

Mimi ni kinyozi, Umoja. Kichwa ya mtu mzima ni soo na finje, ya mtoi ni soo. Nilianza kutoa finje kwa kila kichwa naiweka kando nimnunulie tableti, na mathe aliposkia plani akasema hiyo ni ganji ya kununua blanketi na unga, si kioo. Sikubishana na yeye. Ganji ilipofika, nikarauka mangware, nikadandia mat, nikateremka tao, nikatia miguu Luthuli Avenue.

Lakini wacha nianze na ngori, juu hiyo ngori ndio ilinifungua macho. Miaka kadhaa nyuma niliwahi nunua tableti ya jina sijawahi skia tena. Boksi ilikuwa imeandikwa RAM 12, stoo 512, betri 10,000, na bei ilikuwa ya viatu. Kwa duka iliwaka vizuri, rangi kali, kila kitu fiti. Nikaenda nayo keja, nikajaza mafilamu na picha za mathe za harusi ya anko. Wiki mbili baadaye picha za zamani zikakataa kufunguka. Fundi wa mtaa ndiye alinionyesha kenye ilikuwa inaendelea: ile namba ya 512 imeandikwa tu na programu, ndani stoo ya ukweli ni ndogo sana. Ukijaza, faili mpya inakanyaga ya zamani. Zile picha za mathe hazikurudi mpaka leo, na bado inaniuma.

Ndio maana safari hii niliingia tao na majina mawili tu kwa mfuko: Samsung Galaxy Tab A7 Lite na Samsung Galaxy Tab A9. Nimezichagua juu fundi wangu anazijua, kioo zinapatikana, na zote ziko na shimo ya memori kadi na ya earphone. Siku ya mtihani ukiwa hosteli na mwenzako analala, hiyo shimo ya earphone ni kitu ya maana.

Sasa, ukiziweka kando kando kwa meza, msee hawezi jua gani ni gani. Zote kioo ni inchi 8.7. Zote picha ni 1340 kwa 800. Zote betri ni 5100 na chaji ni wati 15. Kamera nyuma ni megapikseli 8, mbele 2. A7 Lite ilitoka 2021, A9 ikatoka 2023, na kwa mkono utaskia A9 ni nyepesi kiasi, gramu 332 kwa 366. Hiyo inaskika ukiishika juu ya kifua ukiwa umelala. Muuzaji anajua zinafanana, so atakuambia, "Boss, ni kitu moja, chukua tu hii ya bei poa." Usikubali. Tofauti iko ndani, na wacha nikuonyeshe na kitu mimi najua, kinyozi.

Chukulia tableti ni duka ya kinyozi. Chipu ni wanyoaji. A7 Lite iko na chipu inaitwa Helio P22T: wanyoaji wanane, wote wa daraja moja, wale wa pole pole. Wakikuja wateja wa kunyolewa tu upara, kazi inasonga. Akiingia mmoja anadai mchoro wa kichwa mzima, hao wote wanane hawana yule fundi wa kuikimbiza. A9 iko na Helio G99. Hii pia iko na wanyoaji wanane, lakini wawili ni wakali kupita wengine mbali sana. Kazi nzito inaenda kwa hao wawili, hizo ndogo ndogo zinabaki kwa wale sita. Alafu G99 imetengenezwa kwa nanomita 6, ile ingine ni 12, kumaanisha inafanya kazi kubwa na inakula stima kidogo.

RAM nayo ni benchi ya kungojea. A7 Lite ya kawaida iko na 3GB, A9 inaanzia 4GB. Mfumo wenyewe wa Android unakaa kwa hiyo benchi kwanza, na haukai kona moja, umejinyoosha. Nafasi inabaki kidogo. Ukifungua PDF, alafu WhatsApp, alafu YouTube, benchi inajaa, na mmoja lazima asimamishwe aende nje. Ukirudi kwa PDF unapata imeanza mwanzo, ukurasa wa kwanza, na wewe ulikuwa ukurasa wa 212. Kwa mtu anabukua, hiyo inakata fikira kabisa.

Na mkiingia duka mkaonyeshwa boksi imeandikwa 4+4, jueni rada. Hiyo nne ya pili si RAM. Ni viti vya plastiki umeazima kwa jirani ng'ambo ya barabara, yaani kipande ya stoo imepewa kazi ya benchi. Inasaidia, lakini mteja anakuwa amekaa mbali na kiti ya kunyolea. Hesabu ile nne ya kwanza peke yake. Kuna pia A9 ya RAM 8 na stoo 128, hiyo ni moto kabisa, lakini ganji yangu haikuwa inafika huko.

Kwa duka nilikuwa nimejipanga. Nilibeba memori kadi na PDF moja ya siz, kitabu ya uhasibu imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, zito kama jiwe. Nikamwambia muuzaji, dem mmoja mpole sana, "Madam, naomba nidunge hii kadi kwa zote mbili, nione venye zinasoma."

"Dunga tu, bro. Wengi hawaulizi hiyo."

Nikafungua ile faili kwa zote, nikapiga ukurasa haraka haraka, nikatoka, nikafungua ramani, nikafungua vidio, nikarudi. A9 ilirudi penye niliiacha, na kurasa zilikuwa zinachoreka mbele kidogo ya mwenzake kila mara. Si ati tofauti ya mbingu na ardhi. Ni nusu sekunde hapa, sekunde moja pale. Lakini siz anapindua kurasa mia mbili usiku mmoja. Hizo nusu nusu sekunde zote ni za kichwa yake.

Kitu ingine nilipima na rula, na huyo muuzaji akanicheki sana. Karatasi ya A4 iko na upana wa sentimita 21. Hizi tableti zikisimama wima, kioo iko na upana wa sentimita 11 na kitu. Hiyo inamaanisha notsi za chuo, zilizopangwa kwa A4, zinashuka karibu nusu, na herufi zinakuwa za kutafuta na tochi. Lakini ukiilaza, upana unakuwa kama sentimita 19, na hapo herufi inakuwa karibu saizi yake ya ukweli. Unaona karibu nusu ya juu ya ukurasa, unasukuma, unaona yenye inafuata. Hakuna kuvuta kushoto kulia tena. Nikampigia siz hapo hapo nikamwambia, "Utakuwa unailaza, skia? Usiisimamishe." Akauliza, "Bro, nini unailaza?" Sikuwa nimemchapia bado.

Hapo pia ndio niliamua tableti haiwezi kuwa laptopu, na sitaki mtu adanganywe. Asainmenti ya jedwali refu, kuandika kurasa kumi, hiyo siz bado ataenda maabara ya kompyuta. Inchi 8.7 ni ya kusoma, kucheki lecha kwa vidio, kuingia klasi ya mtandaoni, na kuchill na series wikendi. Hizo vitu inafanya fiti.

Sasa stori ya laini. Zote mbili zinakujanga za aina mbili, yenye inaingia laini na yenye ni ya Wi-Fi peke yake, na wasee mob hununua bila kucheki alafu wanatafuta shimo ya laini kejani wakilia. Pindua boksi usome namba. A7 Lite ya Wi-Fi ni T220, ya laini ni T225. A9 ya Wi-Fi ni X110, ya laini ni X115. Ya laini ni bei zaidi. Nilifikiria hiyo kwa muda. Siz ako na simu, na hotspoti ya simu inatosha kudanlodi notsi, ingawa inakamua betri ya simu vibaya. Kama ungekuwa unanunulia msee wa nduthi anayefuata ramani siku nzima, ningesema lipa, chukua ya laini. Kwa mtu wa hosteli, hapana. Nikachukua X110.

Bei je? Siku hiyo, kwa hilo duka, baada ya kubonga na kubembelezana, pengo kati ya hizo mbili lilikuwa ngiri nne. Ngiri nne kwangu ni vichwa, navihesabu moja moja. Nikatoka nje, nikasimama kando ya msee wa mayai pasua, nikapiga hesabu. Siz amebakisha miaka mitatu. Ngiri nne kugawa miezi thelathini na sita ni soo na bob kumi na moja kwa mwezi. Kwa siku haifiki bob nne. Na A7 Lite ilianza na Android 11 ikasongeshwa mpaka 14, wakati A9 ilianza na 13, kwa hivyo iko na maisha mbele. Stoo nayo, ile ya bei poa ilikuwa 32, na mfumo unakata kipande kubwa ya hiyo kabla hujaweka chochote. A9 ilikuwa 64. Memori kadi inabeba filamu na PDF, lakini programu nyingi zinataka kukaa ndani. Nikarudi ndani nikalipa A9.

Sisemi A7 Lite ni mbaya, na hata mathe nilimwambia hivyo. Kwa shosho anayetaka kuona wajukuu kwa vidio Jumapili na kuskiza kwaya, hiyo inatosha na inabaki. Kuna beshte wangu alitumiwa Amazon Fire HD 8 na aunty yake ako Marekani, na kwa kusoma na filamu inambamba, kioo iko poa kabisa. Lakini hiyo haikuji na Play Store na haina shimo ya laini, na programu nyingi za huku hazipatikani kwa duka yake. Kwa mwanafunzi wa Kenya hiyo ni kupanda mlima na mzigo ya mtu mwingine.

Kama unanunua mtush, fanya vitu tatu kabla ganji itoke mkononi. Hakikisha akaunti ya Google ya mwenyewe wa kwanza imetolewa, juu ukiifuta na iko ndani itakuuliza nywila yake na hutaweza kuingia. Uliza kama ilichukuliwa kwa kulipa mdogo mdogo, juu deni lisipoisha inaweza fungwa kutoka mbali na wewe ndio umeishika. Na udunge chaja ukae dakika kumi ukicheki asilimia zinapanda, ukitingisha waya kiasi.

Chaja pia usilete mchezo. Nilihakikisha nimepata ya wati 15. Ukitumia ile ndogo ya simu ya zamani, ya wati 5, betri ya 5100 itakaa kwa ukuta zaidi ya masaa manne, na stima ya hosteli haina ahadi. Nikaongeza protekta na kava ngumu ya kusimamisha. Kurudi nilikaa upande wa ndani wa mat, mbali na dirisha, boksi imelala ndani ya jaketi mpaka Umoja. Kwa jam ya Jogoo Road, dirisha wazi na kitu mpya kwa mkono ni kuita vijana.

Siz alikuja Ijumaa. Mathe alikuwa anachambua sukuma, hakuinua kichwa. Siz akafungua boksi pole pole, akatoa nailoni bila kuirarua, akaikunja akaiweka kando. Akawasha, nikadunga memori kadi, nikamfungulia ile kitabu ya uhasibu. Akailaza. Akasoma kama kurasa tatu bila kusema kitu, kidole kinasukuma tu juu, juu. Alafu akaweka tableti chini, akanishika shingo, akabaki hapo.

Mathe akapangusa mikono na leso, akaja akasimama nyuma yetu, akaangalia kioo kwa muda.

"Hiyo ingine uliacha dukani," akasema, "ile ya kwaya. Walikuwa wanaitisha ngapi?"