Bampa iliyogongwa: Lini irekebishwe, lini ibadilishwe?

MSONGAMANO wa magari jijini Nairobi umewafanya wenye magari kuzoea bampa zilizokwaruzwa, zilizopasuka au hata kufungwa kwa waya. Matatu hurudi nyuma ghafla, bodaboda hupenya pasipo na nafasi, na anayepata hasara huwa ni yule aliyesimama akingoja taa igeuke kijani. Swali linalofuata ni je, bampa hiyo irekebishwe au inunuliwe nyingine?

Wengi huamua kwa kutazama ukubwa wa ufa. Hilo ni kosa, kwani kinachoonekana kwa nje ni ganda tu la plastiki. Nyuma yake mna sifongo ngumu ya kufyonza kishindo, kisha boriti ya chuma au aluminiamu iliyofungwa kwenye fremu ya gari. Ganda hukunjika na kurudi, lakini boriti haina tabia hiyo. Ndiyo maana gari laweza kuonekana zima kabisa baada ya kugongwa, ilhali boriti iliyo ndani imepinda.

Isitoshe, bampa haikuundwa kustahimili mgongano mkubwa. Kanuni nambari 42 ya Umoja wa Mataifa huijaribu kwa kishindo cha kilomita 4 kwa saa pekee, yaani mwendo wa mtu anayetembea polepole. Gari lililogongwa kwa kasi zaidi ya hiyo lafaa kuchunguzwa hata kama rangi haijachubuka.

Hatua ya kwanza, basi, ni kumwomba fundi avue ganda. Boriti iliyopinda, kupasuka au kuliwa na kutu yafaa ibadilishwe, kwani kuinyoosha kwa nyundo na moto hudhoofisha chuma. Sifongo iliyomeguka nayo haifai tena. Ni vyema pia kuangalia iwapo rejeta haikuguswa, na kama boneti na buti zinafunga sawasawa.

Ikiwa sehemu za ndani ni salama, hakuna haja ya gharama kubwa. Mkwaruzo huhitaji rangi tu. Bonyeo dogo mara nyingi hutoka kwa kumwagiwa maji moto na kusukumwa kutoka ndani. Kuhusu ufa mfupi, mafundi wa Barabara ya Kirinyaga, maarufu kama Grogan, huyeyusha plastiki na kuzamisha vipande vya waya ndani yake kabla ya kupaka fila na rangi. Kazi hiyo ikifanywa vizuri hudumu.

Mambo hubadilika ufa unapofika kwenye masikio yanayoshikilia bampa, au kipande kinapokuwa kimepotea. Hapo hata mshono mzuri hulegea baada ya matuta machache. Bampa inayoning'inia yaweza kung'oka gari likiwa mbioni, na ncha zake humkata mpita njia. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, huhitaji gari litunzwe katika hali isiyowahatarisha watumiaji wengine wa barabara.

Kuna magari ambayo hayavumilii viraka. Baadhi ya yale yanayoagizwa kutoka Japani, kama vile Mazda CX-5, huwa na rada nyuma ya pembe za bampa ya nyuma, ya kumwonya dereva kuhusu gari asiloliona kwenye kioo. Fila nene juu ya eneo hilo yaweza kuipofusha rada, na dereva asijue.

Anayeamua kununua bampa kuukuu ahakikishe ni ya mwaka na umbo lile lile la gari lake, kwani modeli moja hubadilishwa sura mara kwa mara. Aigeuze atazame masikio yote kabla ya kulipa, maana bampa iliyopakwa rangi mpya huficha mengi.

Kwa upande wa malipo, bima ya mtu wa tatu haimfidii mwenye gari kwa uharibifu wa gari lake mwenyewe. Hata mwenye bima kamili kwa kawaida hugharimia sehemu ya kwanza ya hasara, hivyo kwa ufa mdogo huenda ikawa nafuu kujilipia. Anayenuia kudai fidia apige ripoti kwa polisi, na fundi asiguse gari kabla ya mkadiriaji wa hasara kulikagua.