NANI ANAFAA KUMHUDUMIA MTOTO MWENYE ULEMAVU?

Watoto wengine huchelewa kukua. Wenzao wanakaa, wao hata shingo haijakaza. Wenzao wanasema, wao hawasemi. Huenda mtoto ana mtindio wa ubongo au ulemavu wa akili. Ulemavu huu si laana. Wala hauambukizi.

Hakuna dawa ya kuuondoa ulemavu huu. Lakini watoto wengi wanaweza kufundishwa kukaa, kula, kuvaa, kwenda chooni na kuelewana na watu. Huduma hii huitwa utengamao.

Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Mwaka 2010 Bunge letu lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mkataba unasema huduma hii ianze mapema, iwe ya hiari, na ipatikane karibu na watu, hata vijijini. Tena wanaoitoa wafundishwe kazi hiyo.

Je, mtoa huduma mzuri utamjuaje? Angalia mambo haya matano:

1. Awe amefundishwa. Wako wataalamu wa kunyoosha viungo na wa kufundisha kazi za kila siku. Baadhi yao husomea KCMC, Moshi. Mtu wa kijijini naye anaweza kusaidia. Lakini awe amepata mafunzo, na awe na mtaalamu wa kumwongoza. Muulize, "Ulisomea wapi kazi hii?" Kuuliza si ukosefu wa adabu.

2. Ampime mtoto kwanza. Aangalie mtoto anaweza nini, si kile asichoweza tu.

3. Aweke lengo dogo pamoja nanyi wazazi. Kwa mfano, mtoto ashike kikombe mwenyewe. Aandike maendeleo yake ili nanyi myaone.

4. Awafundishe watu wa nyumbani. Mtaalamu huja siku moja na kuondoka. Mama, baba na bibi wako na mtoto kila siku.

5. Asimdhuru mtoto. Asimpige wala kumfunga kamba. Asivute kwa nguvu viungo vilivyokakamaa. Mtoto asilishwe akiwa amelala chali, kwa maana chakula kinaweza kuingia mapafuni. Akalishwe wima, kichwa kimeegemezwa vizuri. Mtoto akiwa na kifafa pia, apelekwe zahanati apate dawa.

Jihadhari na mtu anayesema, "Leteni ng'ombe, nitamponya mtoto kwa wiki moja." Ng'ombe atakwenda, na mtoto atabaki vile vile. Miaka ya kujifunza nayo itakuwa imepotea.

Nawe mzazi usimfiche mtoto ndani. Mtoto aliyefichwa hafundishwi na mtu. Mpeleke zahanati mara uonapo amechelewa. Mwone pia afisa ustawi wa jamii. Sheria ya mwaka 2010 inataka kila kijiji kiwe na kamati ya watu wenye ulemavu. Kama kijijini kwenu haipo, muulizeni mwenyekiti wa kijiji katika mkutano.

Kumbuka: mtoto akijifunza kula mwenyewe, amepata heshima yake. Na mama amepata nafasi ya kwenda shamba.