Kusajili Kompyuta za Linux kwenye Seva Kuu

Kusajili kompyuta ya Linux kwenye seva ya usimamizi ni kuitambulisha kwa seva hiyo, ili iweze kusasishwa na kukaguliwa kutoka mbali. Chukua mfano wa eneo bunge la Likuyani. Liko kaskazini mwa Kaunti ya Kakamega na lina wadi tano: Likuyani, Sango, Kongoni, Nzoia na Sinoko, na zote ziko mbali na makao makuu ya kaunti. Vituo vingi vya afya nchini Kenya hutunza rekodi za wagonjwa kwa KenyaEMR, mfumo uliojengwa juu ya OpenMRS na ambao kwa kawaida huendeshwa kwenye Ubuntu. Pasipo seva kuu, fundi wa eneo kama hilo hulazimika kuzunguka kituo baada ya kituo kwa kila sasisho.

Usajili kwa Uyuni, programu huria ya usimamizi iliyochipuka kutoka programu ya Spacewalk mwaka 2018, hufuata hatua nne. Kwanza, msimamizi huandaa kwenye seva hazina ya programu za toleo husika la Ubuntu, kisha hutengeneza ufunguo wa usajili. Ufunguo huo huamua kompyuta itaingia kundi lipi na itapokea programu zipi.

Pili, kila kompyuta hupewa jina la kipekee na saa yake husahihishwa, kwa kuwa saa iliyopotoka huifanya ikatae cheti halali cha seva.

Tatu, skripti ya usajili huendeshwa kwenye kompyuta. Huweka cheti cha seva na kusakinisha Salt, programu inayopokea maagizo. Kompyuta ndiyo huanzisha mawasiliano kupitia milango 4505 na 4506 ya seva, hivyo hata inayotumia modemu ya simu husajilika.

Nne, seva hupokea ufunguo wa kompyuta na kuuweka kwenye foleni. Hapa haraka haina baraka. Msimamizi alinganishe herufi za utambulisho wa ufunguo na zile anazosomewa kwa simu na fundi aliye kituoni, ndipo aukubali.

Tatizo la mara kwa mara hutokana na diski zilizonakiliwa: kompyuta mbili hubeba kitambulisho kimoja katika faili ya machine-id, na seva huzichanganya. Kitambulisho hicho kitengenezwe upya kabla ya usajili.

Usajili hukamilika kompyuta inapojibu agizo la majaribio na orodha ya programu zake kuonekana kwenye seva. Kompyuta yenye rekodi za wagonjwa haifai kuachwa nje ya utaratibu huu.