Breakfast ya Diani: Unalipia Kiti, Mayai ni Bonus

Skia msee. Family ikiland Diani, siku ya kwanza mnamalizana na buffet ya hotel, ile mbuyu huamka saa kumi na mbili ndio asipitwe na soseji. Siku ya pili mnajifanya mnajua area, mnaishia cafe. Unazijua. Viti havifanani hata viwili. Menu ya chaki. Mti mkubwa juu, mchanga chini ndio watoi wakianguka waanguke soft. Kwa Diani Beach Road ziko kibao, na kila moja lazima iwe na mtoi wa mzungu anakimbia miguu chini ka amezaliwa hapo.

Wacha nikumwagie mapema: pale hununui mayai. Unanunua kiti. Masaa matatu ya kivuli, wifi, choo safi na mahali watoi wanapiga nduru bila mtu kuwaangalia vibaya. Mayai ni kodi ya hicho kiti. Ukishaelewa hivyo, bei haiumi sana. Inauma tu kidogo.

Cheki menu sasa. Capp ni soo tatu na kitu. Smoothie bowl inagonga soo nane, na ukiichambua ni ndizi imesagwa ikanyunyiziwa korosho. Full breakfast inanusa thao. Lakini kichekesho kamili ni avocado toast. Hiyo avo imetoka Murang'a, ikateremka Mombasa Road na lorry, ikapanga line Likoni ama ikazunguka Dongo Kundu, imefika kwa plate yako imechoka kukuliko. Fare yake nani analipa? Wewe, buda. Strawberry nayo ni mresh wa Limuru, jua ya Kwale haiwezi. Maple syrup usiulize, hiyo ilikuja na passport. Kumbe papai iko hapo. Embe iko hapo. Madafu wanaangua ukiangalia, na korosho ni za hapa Pwani. Kwa hivyo order kile hakijapanda gari. Simple.

Na mahamri? Cafe zenye ziko na akili zimeziweka kwa menu, zikaziita "coastal breakfast", zikazilaza kwa jani la mgomba, bei ikaruka hadi jirongo. Sasa toka hapo na tuktuk mpaka Ukunda stage. Utapata mama na karai lake, mahamri moto inanuka iliki, unga umekandwa na tui la nazi, moja ni ashuu. Mbaazi za nazi juu, chai ya tangawizi kando. Mnashiba watu wawili na bado haujamaliza soo mbili. Anakuuliza tu, "Nikutilie mbaazi zaidi?" Mimi huanza Ukunda. Halafu naenda cafe nimeshiba, naitisha kahawa moja, nakalia kiti ka landlord.

Shida ni wazee. Hao hawawezi kaa chini watulie.

Chai ndio huanzisha ngori. Waiter analeta kikombe, maji moto kwa kijagi, maziwa kwa kengine, tea bag imelala kando ka mgonjwa. Mathe anaangalia hiyo setup. Kimya. Halafu: "Kwani nimetoka Nairobi kuja kujipikia chai?" Mbuyu naye ameshika menu mbali na macho, anapiga hesabu na sauti. "Mayai mawili hii bei? Si hii ni kuku mzima!" Meza ya jirani inacheka. Wewe unaangalia bahari na hata haionekani. Bill ikija ndio mzee anageuka auditor. Anauliza VAT ya 16% ni ya nini, anauliza levy ya 2% inaenda kwa nani, anauliza ka waiter ameona hiyo service charge. Mathe kwa kibeti ako na mayai boilo ya juzi kwa SGR na thermos. Usimruhusu aifungue, nakuomba. Na waambie wote waache kupiga simu wakisema wako "Mombasa". Hii ni Kwale, kaunti tofauti kabisa.

Watoi nao ni biashara ya hizo cafe. Kids' menu ni chips saa mbili asubuhi, hakuna mtu anashtuka. Kuna hiyo kitu wanaita babyccino. Msee, ni maziwa moto na povu kwa kikombe cha espresso. Mtoi anaimwaga kabla haijapoa, anaitisha ingine. Wewe unacheki Fuliza chini ya meza.

Halafu kuna customer wa kudumu mwenye hajawai lipa: kima. Anashuka na mti smart, rangi ya majivu, anakutazama ka mdosi wa county, anabeba pancake, anaishia. Tumbili wako kwa hiyo mbogi pia. Mbega hapana, huyo mweusi na mweupe mwenye mkia mrefu ni mtu wa majani, hana time na toast yako. Hizo ngazi za kamba unaona zimening'inia juu ya barabara ni zake, ziliwekwa na wasee wa Colobus Conservation asigongwe na magari. Mbuyu atataka kumrushia kima ndizi ndio apige picha. Mkataze. Kima akizoea kulishwa, kesho anapora mtoi kwa mkono, na waiter ndio atalaumiwa.

Njia za kuchoma ziko tatu kubwa. Kupiga picha ya chakula mpaka ipoe. Kuongea na waiter kizungu cha puani na nyinyi wote mlizaliwa Pumwani. Na kusukuma meza ndio mkae watu kumi na mbili kwa capp mbili, mkichaji simu saba.

Season pia inacheza. December ukifika saa nne, meza zimeisha, unasimama kwa mlango na watoi wanalia. Fika saa moja na nusu. June mpaka August kusi inavuma, inaleta mwani kwa beach na inabeba serviette zako mpaka Tiwi, so kaa cafe ya upande wa miti, si ya mchanga. Hapo viti ni vingi kuliko December, na waiter ako na time.

Na ukimaliza, tip. Soo moja cash, mkononi mwa waiter, si kwa till. Till ni ya mdosi.