Simba wa Nairobi: Mrembeshe Pichani, Lakini Usimgeuze

Ikiwa unaishi Kibera, simba wa mwituni yuko karibu nawe kuliko nyumbani kwenu mashambani. Vuka Langata, nenda kilomita chache tu, na utafika lango kuu la Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Nawe wa Kawangware usijione uko mbali. Panda matatu ya 46 hadi mjini, kisha ushike ile ya 125 au 126 inayokwenda Ongata Rongai. Inapita papo hapo langoni.

Mbuga hii ilifunguliwa mwaka 1946, ikiwa ya kwanza nchini. Ukubwa wake ni kilomita 117 za mraba. Pande tatu zina ua, lakini upande wa kusini, ng'ambo ya Mto Mbagathi, uko wazi ili wanyama waweze kwenda na kurudi nyanda za Kitengela. Humo ndani simba hawafungiwi. Wanawinda, wanazaa na kuzeeka huku maghorofa ya jiji yakiwatazama.

Miaka ya nyuma, kumpiga picha simba kulikuwa kazi ya wageni wenye kamera za bei ya gari. Leo mambo yamebadilika. Kijana mwenye simu nzuri, au chama cha wanafunzi kilichochanga pesa za kukodi gari, kinaweza kurudi na picha ya kujivunia. Tena picha hiyo inaweza kurekebishwa kwa simu iyo hiyo kabla matatu haijafika mtaani. Na hapo ndipo penye swali letu la leo: urekebishe hadi wapi?

Mpige kwanza vizuri

Hakuna urekebishaji unaoweza kuokoa picha mbovu. Kwa hivyo tuanzie mbugani.

Simba hulala au kupumzika hadi saa ishirini kwa siku. Ukifika saa sita mchana, utapata rundo la manyoya chini ya kichaka. Fika lango linapofunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Wakati huo simba bado wanatembea, na jua linapochomoza huwa chini, la rangi ya dhahabu, likiangaza uso wa mnyama badala ya kumtilia vivuli vyeusi machoni. Jioni kabla ya jua kutua pia ni wakati mzuri.

Usishuke garini ila mahali palipotengwa kwa kushuka. Hii ni sheria, na pia ni uhai wako. Mwombe dereva azime injini, kwa sababu mtetemo wake huharibu picha. Kisha tumia siri ndogo ya wapiga picha: jaza maharagwe katika mfuko wa kitambaa, uuweke kwenye dirisha la gari, na ulaze kamera au simu juu yake. Mkono hautatetemeka tena.

Ikiwa una kamera, iweke ifunge jicho lake kwa kasi ya sehemu moja ya 500 ya sekunde au zaidi. Simba anayekimbia anahitaji sehemu moja ya 1,000. Lenga macho yake. Sikio likififia, mtazamaji atasamehe, lakini jicho likififia picha imekufa. Ikiwa una simu tu, usivute picha karibu kupita kiasi, kwani simu itaanza kubuni chembe ambazo haikuziona. Afadhali uweke jicho la simu nyuma ya darubini, au umwonyeshe simba akiwa mdogo katikati ya nyika yake. Usitumie flashi, na usimpigie honi wala kelele ili ageuke. Wahenga walisema simba mwenda kimya ndiye mla nyama. Hata mpiga picha ni hivyo hivyo.

Nafasi ya kwenda mbugani haijapatikana? Anza na paka wa jirani. Yeye ni binamu wa simba, na atakufundisha subira bila kiingilio.

Sasa rekebisha

Kurekebisha picha si uchawi wala si udanganyifu. Hata enzi za filamu, fundi aliyejifungia katika chumba cha giza alikuwa akikinga mwanga kwa kiganja chake ili sehemu moja ya picha iwe nyeupe zaidi na nyingine nyeusi. Programu za simu kama Snapseed zinafanya kazi iyo hiyo. Fuata utaratibu huu:

Kwanza, hifadhi nakala ya picha asili na usiiguse kamwe. Hiyo ndiyo cheti chako cha kuzaliwa.

Pili, nyoosha upeo wa macho. Nyika ikiinama, simba ataonekana kama anateleza.

Tatu, kata kingo zisizohitajika. Lakini piga hesabu, mwanafunzi: picha ya chembe milioni 12 ukiipunguza nusu kwa upana na nusu kwa urefu, utabaki na milioni tatu tu. Ukikata sana, picha haitafaa kuchapishwa kwa ukubwa.

Nne, shughulikia mwanga. Punguza weupe wa anga, inua kidogo vivuli vya usoni.

Tano, rangi. Hapa ndipo wengi huharibu. Simba ana rangi ya nyasi zilizokauka. Ukiongeza rangi hadi awe kama chungwa, watu watajua.

Mwisho, ongeza ukali kidogo tu, hasa machoni. Kisha weka simu kando, kanywe chai, urudi uitazame upya.

Mambo matatu ya kutofanya

La kwanza, usitumie vile vichujio vya kulainisha ngozi ambavyo mabinti na vijana huvitumia kwa picha zao za mtandaoni. Una sababu kubwa ya kuacha. Tazama pale sharubu za simba zinapoota: kuna safu za vidoa vyeusi. Mwaka 1970, watafiti Colin Pennycuick na Judith Rudnai walichapisha njia ya kumtambua kila simba kwa kutazama vidoa vya safu ya juu vikilinganishwa na safu iliyo chini yake. Vidoa hivyo havibadiliki maishani, na ni kama alama za vidole vyetu. Na jambo la kujivunia ni kwamba Rudnai aliwachunguza simba wa mbuga hii hii ya Nairobi. Ukivifuta vidoa, umemnyang'anya simba kitambulisho chake. Ukiigeuza picha kama inavyoonekana kiooni, kulia kuwa kushoto, umempa kitambulisho cha mwongo, kwa maana vidoa vya pande mbili za uso havifanani.

La pili, usifute jiji. Utashawishika sana. Umempata simba amesimama juu ya mwinuko, na nyuma yake kuna maghorofa, nyaya za umeme, au lile daraja refu la reli ya SGR linalokatiza mbugani. Simu ya siku hizi ina kidole cha kufuta vyote kwa mguso mmoja na kupanda miti mahali pake. Usikiguse. Simba wa nyika tupu wamepigwa picha mara elfu, huko Mara na Serengeti. Simba mwenye jiji mgongoni ni wa kwetu. Tena picha hiyo inasema ukweli ambao kila mkazi anapaswa kuuona, kwamba jiji linambana simba, na simba naye anatafuta njia ya kutoka.

Njia hiyo ina gharama. Juni 2012, simba sita waliuawa Kitengela na wenyeji waliokuwa wamepoteza mifugo. Machi 2016, dume mashuhuri aliyeitwa Mohawk, kwa jinsi nywele za kichwani mwake zilivyosimama kama kishungi, alitoka mbugani akafika Isinya. Umati ukamzunguka. Alipomjeruhi mtu mmoja, maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) walimpiga risasi akafa. Hata watu wamelipa: Aprili 2025, msichana wa miaka 14 aliuawa na simba jike karibu na mpaka wa kusini wa mbuga. Picha iliyofutwa majengo haiwezi kumweleza mtu yeyote kwa nini mambo haya hutokea.

La tatu, usidanganye kwa maneno. Picha inaweza kuwa ya kweli kabisa, na maelezo yake yawe uongo. Machi 2020, wakati wa korona, picha ya simba akitembea barabarani usiku ilizagaa duniani ikidaiwa kwamba Urusi imeachilia simba ili watu wakae ndani. Ukweli ni kwamba ilipigwa Johannesburg mwaka 2016, na simba mwenyewe, Columbus, alikuwa akiigiza filamu. Watu wa mbali walicheka. Sisi wa Kibera hatuwezi kucheka sana. Februari mwaka huo huo wa 2016, simba walitoka kweli katika mbuga yetu, KWS ikawasaka Langata, na hofu ikatanda mitaani. Hebu fikiria mtu atume leo picha ya kubuni ya simba katika kikundi cha WhatsApp cha mtaa. Akina mama watafungia watoto ndani, wengine watashika mapanga, na siku simba wa kweli atakapotokea hakuna atakayeamini.

Uongo una bei yake

Usidhani wakubwa hawakosei. Februari 1982, jarida la National Geographic lilisogeza piramidi za Misri zikaribiane ili zitoshee kwenye jalada lake, na lawama zake zinasimuliwa hadi leo. Januari 2010, mpiga picha Mhispania alinyang'anywa ushindi wa shindano la picha za wanyama la makavazi ya historia asilia mjini London. Waamuzi waliona kwamba mbwa mwitu wake aliyeruka lango huenda alikuwa mnyama aliyefunzwa, si wa porini, japo mwenyewe alikana.

Kwa hivyo ukipiga picha ya simba katika makao ya wanyama mayatima pale karibu na lango, andika hivyo. Hakuna aibu. Aibu ni kukata ukingo ili wavu usionekane, kisha umwite wa mwituni. Na unapopiga picha mbugani, zima kifaa cha simu kinachoandika mahali ulipo, kwa maana humo mna vifaru pia, na majangili nao wana simu.

Hesabu ya wanyama iliyofanywa mwaka 2021 ilionyesha kwamba Kenya ilikuwa na simba 2,589 tu. Chukua shule chache za Kibera na Kawangware, na wanafunzi wake watazidi simba wa nchi nzima. Wawili wamo katika nembo yetu ya taifa, lakini watoto wengi wa Nairobi hawajamwona hata mmoja kwa macho. Picha yako ndiyo itakayowaonyesha. Ing'arishe, inyooshe, ikate ipendeze. Lakini mtoto akikuuliza, "Alikuwa hivi kweli?" uwe na jibu moja tu, nalo ni ndiyo.