Gari linapokataa kuutambua ufunguo wake: namna ya kuchunguza hitilafu ya imobilaiza

Kutoka Jinja hadi Mbale, kwa barabara ya Iganga na Tirinyi, ni kilomita zipatazo 150, na dereva wa taksi anayetaka kwenda na kurudi siku hiyo hiyo hana budi kuwasha gari kabla ya jua kuchomoza. Siku ambayo stata inazunguka kwa nguvu lakini injini haishiki, abiria huhamia gari la nyuma, na mwenye gari hungoja hesabu yake jioni kama kawaida. Kinachofuata mara nyingi ni kubahatisha: hubadilishwa plagi, kisha pampu ya mafuta, kisha mtu hushauri kompyuta ya injini inunuliwe kutoka gari lililovunjwa. Hadi adhuhuri fedha nyingi zimetumika kwa vipuri ambavyo havikuwa na kosa, ilhali tatizo liko kwenye ufunguo au kwenye waya mwembamba chini ya usukani.

Imobilaiza ni kizuizi cha wizi. Ndani ya kichwa cha plastiki cha ufunguo kuna chipu ndogo isiyo na betri. Ufunguo ukiingizwa, antena yenye umbo la pete inayozunguka tundu la ufunguo hutoa mawimbi dhaifu ya redio. Mawimbi hayo ndiyo yanayoipa chipu nguvu ya kujibu kwa namba yake ya siri. Kompyuta ya gari huilinganisha namba hiyo na zile ilizohifadhi. Zisipolingana, hukata mafuta na cheche. Katika magari mengine huzuia hata stata isizunguke. Kwa hiyo gari lisilomtambua mwenyewe halisaidiwi na kusukumwa, hata wasukumaji wawe ishirini.

Nchi za Ulaya zililazimisha kifaa hiki kwa magari mapya ya abiria mwaka 1998, na Kanada ikafuata mwaka 2007. Marekani haikulazimisha, na tangu mwaka 2021 magari mengi ya Kia na Hyundai yasiyo na kizuizi hicho yaliibwa na vijana waliojifunza mbinu hiyo kupitia video za mitandaoni. Nchini Japani, yanakotoka magari mengi ya abiria ya Uganda, Toyota Hiace ilikuwa kwa miaka kadhaa miongoni mwa magari yaliyopendwa zaidi na wezi.

Swali la kwanza, basi, ni kama gari lako lina imobilaiza. Hiace nyingi za miaka ya 1990, hasa za dizeli, hazina. Atakayekwambia imobilaiza ya gari kama hilo imeharibika, mwombe akuonyeshe ilipo. Ila tangu sheria ya mwaka 2018 ipige marufuku kuingiza Uganda magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, yanayoingia ni ya karibuni zaidi, na kifaa hiki kimezidi kuonekana katika steji zetu.

Dalili kubwa iko kwenye dashibodi. Katika Toyota nyingi taa ndogo nyekundu ya usalama humetameta ufunguo ukiwa nje, kisha huzima ufunguo unapoingizwa na kutambuliwa. Ikiendelea kumetameta au kubaki ikiwaka baada ya ufunguo kuingia, kompyuta haijauona ufunguo, au imeuona na kuukataa. Magari ya kampuni nyingine yana alama na mwenendo tofauti, kwa hiyo jifunze mwenendo wa taa ya gari lako siku linapowaka vizuri. Dalili nyingine ni injini kushika kwa sekunde moja au mbili kisha kuzima ghafla, kila mara vilevile. Taa ikizima kama kawaida na injini bado isishike, imobilaiza haihusiki sana. Tafuta kosa kwenye mafuta, cheche na fyuzi.

Kabla ya kufungua chochote, pima betri. Betri iliyojaa husoma takriban volti 12.6 gari likiwa limezimwa. Ikishuka chini ya volti 9.6 hivi stata inapozunguka, kompyuta inaweza kushindwa kuusoma ufunguo ingawa vifaa vyote ni vizima. Nimeliweka jambo hili mbele kwa makusudi, kwa kuwa ndilo rahisi kuliko yote na ndilo linalorukwa. Kaza pia vichwa vya betri na waya wa ethi.

Kisha uchunguze ufunguo wenyewe. Uondoe kwenye mnyororo wenye funguo nyingine, hasa za magari au pikipiki zenye chipu, kwani chipu mbili zikikaribiana huchanganya majibu. Jaribu ufunguo wa akiba ukiwa nao. Ukiwasha gari, kosa liko kwenye ufunguo wa kwanza: huenda umeanguka, umelowa, au fundi alibadilisha kichwa cha plastiki akaitupa chipu bila kujua. Kumbuka kwamba betri ndogo ya rimoti hufungua milango tu. Katika ufunguo wa kuchomeka, kufa kwake hakuzuii injini kuwaka. Kwa magari ya kitufe, betri hiyo ikifa, ufunguo hushikizwa karibu na kitufe cha kuwashia.

Funguo zote mbili zikikataliwa, macho yaelekee kwenye antena ya pete na soketi yake, ambayo hulegea usukani unapofunguliwa kwa matengenezo mengine. Hapo fundi mwenye mashine ya kusomea hitilafu anastahili malipo yake. Katika Toyota, namba B2795 humaanisha ufunguo usiolingana, B2796 humaanisha hakuna mawasiliano na ufunguo, na B2799 huelekeza kwenye mawasiliano kati ya imobilaiza na kompyuta ya injini. Hiyo ya mwisho huonekana sana baada ya kompyuta ya gari jingine kufungwa: inangoja utambulisho wa gari lake la zamani. Ndiyo sababu kununua kompyuta iliyotumika kabla ya kusoma hitilafu ni kuongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Liko kosa jingine linalosingiziwa imobilaiza ya kiwandani. Magari mengi yamefungwa vifuatiliaji vya setilaiti au suwichi za siri, na vifaa hivyo hukata waya wa pampu ya mafuta au wa kuwashia kupitia relei. Relei ikiungua, au maungio yaliyosokotwa na kufungwa kwa utepe yakipata kutu, gari huzimika huku taa ya usalama ikionyesha kila kitu ni salama. Mwulize mwenye gari nini kilifungwa na wapi. Kama gari lilinunuliwa kwa mkopo, zungumza kwanza na mkopeshaji kabla ya kukata waya wowote.

Maji nayo ni adui. Wakazi wa Mbale hawajasahau usiku wa tarehe 30 Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilipofurika na zaidi ya watu 20 kupoteza maisha. Gari lililopitiwa na maji hadi sakafuni linaweza kuwaka wiki nzima kisha likakataa, kwa sababu kutu huchukua muda kula pini za soketi. Betri ichomolewe, zulia liinuliwe, soketi zikaushwe na kusafishwa kabla ya kuwasha.

Fundi makini atakuomba kadi ya gari na kitambulisho kabla ya kusajili ufunguo mpya. Usimkasirikie, asiyeuliza atamtengenezea ufunguo yeyote, akiwamo mwizi wa gari lako. Anayependekeza kuiondoa imobilaiza kabisa anakurudishia barabara, lakini anakuondolea ulinzi uliolipia.

Magari mengi ya mtumba huja na ufunguo mmoja tu. Kusajili wa pili wakati wa kwanza ungali unafanya kazi ni kazi fupi; zote zikipotea, kompyuta yenyewe huenda ikalazimika kufunguliwa na kuandikwa upya. Ukishaupata ufunguo wa pili, uweke nyumbani, si kwenye mnyororo mmoja na ule wa kwanza.