Fataki za sikukuu: Tahadhari kwa macho ya watoto

Krismasi na Mwaka Mpya zikikaribia, magari ya kwenda Meru na Embu hujaa watu wanaorudi nyumbani kutoka Nairobi na miji mingine. Baadhi yao huwabebea watoto fataki. Mpendwa msomaji, burudani hiyo ya dakika chache yaweza kumletea mtoto upofu wa maisha. Ni vyema ujue jinsi fataki inavyodhuru jicho, na la kufanya ajali ikitokea usiku.

Jicho huumiaje?

Fataki ni baruti iliyofungwa ndani ya karatasi. Ikilipuka karibu na uso, jicho hupatwa na mambo matatu. Kwanza, moto huunguza kope na konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Pili, vipande vya karatasi, plastiki au changarawe huweza kulitoboa. Tatu, kishindo chenyewe huweza kupasua mishipa ya damu iliyo ndani, kusogeza lenzi, au kubandua retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha. Hivyo basi, jicho laweza kuonekana zima kwa nje ilhali ndani limeharibika.

Hata fataki za kushika mkononi, zile zinazotoa cheche kama nyota, si mchezo. Joto lake huweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi. Maji huchemka kwa nyuzi 100 tu! Hatari zaidi ni vilipuzi ambavyo watoto hujitengenezea kwa unga wa njiti za kiberiti, kwa kuwa hakuna ajuaye vitalipuka lini.

Wala usidhani anayeumia ni mwashaji peke yake. Uchunguzi wa tafiti za nchi kadhaa, uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la macho la Uingereza, ulionyesha kwamba karibu nusu ya walioumia macho walikuwa watazamaji tu.

La kufanya mara moja

1. Mzuie mtoto asisugue jicho. Wewe pia usilibonyeze wala kulifungua kwa nguvu.

2. Usilioshe. Maji mengi ni huduma ya kwanza kwa jicho lililoingiwa na chokaa, saruji au asidi. Mlipuko ni jambo tofauti, kwani jicho laweza kuwa limepasuka.

3. Kitu kilichochoma jicho usikitoe. Kiache kama kilivyo.

4. Lifunike kwa kitako cha kikombe safi cha karatasi au plastiki, kikae juu ya mifupa inayozunguka jicho bila kuligusa. Kishikize kwa plasta.

5. Usitie chochote: maziwa ya mama, majani yaliyopondwa, mafuta, wala matone aliyobakisha mgonjwa mwingine.

6. Usimpe aspirini wala brufeni, maana huweza kuzidisha kutoka damu. Usimpe chakula pia, huenda akahitaji upasuaji.

7. Ondokeni usiku huohuo. Kama mko mbali, Igembe au Mbeere kwa mfano, msingoje kupambazuke. Nendeni hospitali iliyo karibu, nanyi mtaelekezwa kwenye hospitali kuu ya Meru au ya Embu. Majeraha mengine hupelekwa hadi Kikuyu au Hospitali ya Kenyatta. Uliza pia kuhusu sindano ya pepopunda.

Maumivu yakipungua usidhani mtoto amepona. Mtoto wa jicho na presha ya jicho huweza kujitokeza miezi au miaka baadaye, kwa hivyo timiza kila siku ya kliniki unayopewa.

Kinga

Nchini Kenya fataki huhesabiwa miongoni mwa vilipuzi chini ya Sura ya 115 ya sheria, na biashara yake huhitaji leseni. Usinunue za vichochoroni. Ukihudhuria maonyesho, simama mbali na mahali zinapowashwa. Fataki iliyokataa kulipuka isikaribiwe wala kuwashwa tena. Imwagiwe maji kutoka mbali. Miwani ya jua haizuii vipande.

Njia iliyo salama kabisa ni kutowaletea watoto fataki nyumbani. Sikukuu yaweza kunoga kwa nyimbo na nyama choma, na mwezi wa Januari kila mtoto akarudi shuleni na macho yake mawili.